Kilomita Arobaini na Saba

Berlevåg hadi Mehamn, kwa mstari ulionyooka,
ni kilomita arobaini na saba, au karibu na hapo.
Dakika kumi na saba hewani.

Kwa barabara ni habari nyingine:
ushuke kusini hadi daraja la mto Tana, uvuke, upande tena,
zaidi ya kilomita mia tatu,
na theluji ikichachamaa njia hufungwa
na magari hujipanga nyuma ya katapila
kama vifaranga.

Kwa hiyo Gunnvor alikata tiketi.
Miaka sabini na miwili, makoti mawili,
na magotini keki ya lozi, pete kumi na nane,
pana chini, nyembamba juu,
ya ubatizo wa mjukuu, kesho, saa tano.

Saa tano ya wapi?
Sisi huanza kuhesabu jua likichomoza,
na huku jua halijachomoza tangu Novemba.
Tuseme tu: gizani, baada ya kahawa.

Steinulf alipima mizigo. Ndiye aliyekagua tiketi,
ndiye aliyevaa fulana ya kung'aa akabeba masanduku,
ndiye aliyesimama kwenye upepo na vijiti viwili vya taa.
"Keki kilo ngapi?"
"Nne. Na ukiitikisa tutajuana."

Ndege ya, ndege wa:
lugha imetenganisha kwa silabi moja
chenye rafadha na chenye roho,
lakini juu ya maji meusi ya Tanafjord
upepo haujui sarufi.

Dakika ya kumi, taa za Mehamn.
Dakika ya kumi na mbili, paa la Hallvard mwanawe
(baadaye aliapa aliona hata koleo mlangoni).
Dakika ya kumi na nne ndege ilishikwa ubavu,
na rubani, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi,
akasema watajaribu tena.

Walijaribu tena.

Wakatua Kirkenes, kule mpakani,
mbali na Mehamn kuliko alikotoka.

Jumapili ilimkuta pale pale, abiria saba,
mashine ya kahawa iliyokula sarafu bila kutoa kitu.
Saa ya ibada Hallvard alipiga simu, akaisogeza kwenye beseni la maji.
Kwanza kimya. Kisha maji.
Kisha Eldrid akalia,
na kilio kikafika papo hapo,
bila tiketi, bila kupimwa.

Gunnvor akafungua boksi.
Keki hii haikatwi kileleni.
Unainua mnara wote, unachomoa pete ya chini,
unaurudisha,
nao husimama vile vile, mfupi kidogo,
kama hakuna aliyekula.
Mvuvi wa kaa alikula pete nzima. Mwalimu mmoja, nusu.
Rubani alikuja na sahani yake mwenyewe, macho chini.

Jumatatu upepo ulilala.
Alishuka Mehamn na boksi jepesi,
ndani yake pete moja, ya kileleni,
isiyozidi kidole gumba.

"Safari ilikuwaje, mama?"

"Fupi," alisema, akivua koti la kwanza.
"Dakika kumi na saba.
Na pete kumi na saba."