Bawaba ya Kumi na Tatu

Mchoro unataka nyuzi joto ishirini.
Kisauni haijapata kuziona,
hata kipupwe, hata alfajiri ya mvua,
basi tukajenga chumba, kidogo kama stoo ya mkaa,
tukakipa kiyoyozi na kufuli,
na humo ndimo tunamopimia.

Juzi umeme ulikatika saa sita.
Shaame Faki alikuwa keshakereza ya kumi na mbili.
Ya kwanza ilichubuka, ya tatu tundu lilikwenda kombo,
nyengine sitaki hata kuzikumbuka.
Hii akaipima palepale, kwenye joto, akacheka:
"Mize, imekaa!"
Usiku chumba kilipopoa, ikanywea.
Mia moja ya milimita, na nusu yake.
Pasua unywele mara nne: ndio huo.

Shaame amekereza miguu ya vitanda miaka kumi na minane,
Wete, kisha Mkunazini.
Kwenye kitanda kosa hufa kwa msasa,
huzikwa kwa vanishi,
wala biharusi hakosi usingizi.
"Kwani bawaba itajua?" akaniuliza.
Sikumjibu kiinjinia.
Nilimwambia ndege ya saa moja ya Pemba
hubeba watu kumi na wawili,
na kila Jumatatu mmoja wao
ni mama yake mdogo, na figo zake.
Akaichukua maikromita,
akaipangusa, akaipangusa tena.

Fomu ina kurasa thelathini na moja.
Alumini imetoka tanuri gani,
nani aliikata, kwa kisu kipi, zamu ya nani:
tunaiulizia nasaba
kama watu waliokuja kuposwa mtoto wao.

Ya kumi na tatu ililala chumbani peke yake.
Asubuhi tuliipima mara saba.
Saini yangu, ambayo benki huirudisha kwa kutofanana,
siku hiyo ilitoka sawasawa.

Zikabaki zile kumi na mbili.
"Nipe moja," akasema, "banda langu la Tomondo
mlango nimeufunga kwa kamba.
Kuku hawaruki mbali, Mize."
Nikacheka. Kisha nikasema hapana.
Iliyokataliwa hukatwa,
isije siku ikapata boksi, na jina, na bei.

Tukazibana kwenye jiliwa moja moja,
msumeno ukalia hadi adhuhuri.
Ya mwisho aliikata mwenyewe, kimya.
Kisha, kabla hajazitupa,
akazipima nusu zote mbili.