Niandikie na Mhuri

Lilifika Nyakato likivutwa na trekta,
Skania la sangara, namba imefifia,
maji ya barafu yakidondoka nyuma
kama mkojo wa mtoto usingizini.

Akashuka dereva, Masalu Budodi,
shati kalifunga hadi kifungo cha shingo
kama aendaye mahakamani.
"Likipata moto linazima. Likipoa linawaka.
Na tajiri anasema nauza dizeli njiani."

Mafundi watatu walinitangulia.
Wa kwanza kabadili nozeli. Wa pili, pampu.
Wa tatu kala hela ya sensa nne,
kazifunga, kaondoka,
taa ya injini imemkodolea mgongo.

Mimi sikushika spana.
Nikachomeka mashine, nikasoma:
presha ya oili, ina kasoro.
Presha ya turbo, ina kasoro.
Presha ya dizeli. Pedeli ya mafuta.
Wanne wakilia njaa
sekunde ile ile,
usiwapige wanne.
Nenda jikoni, kamuulize mpakuaji.

Mpakuaji ni boksi la aluminiamu
ubavuni mwa injini, unene wa daftari la kaunta.
Kazi yake kugawa volti tano,
tano kamili, kwa kila mtoto.
Nikapima: tano.
Nikapima tena: tano.
Likiwa baridi ni mtakatifu.

Nikavuka barabara, saluni ya Nkwimba,
nikaazima draya.
Mteja mwenye roli kichwani akauliza,
"Na lori nalo lina harusi?"

Dakika sita nalipuliza boksi,
jicho kwenye mita.
Tano.
Nne nukta nane.
Nne.
Tatu nukta moja,
injini ikakata kauli.

Masalu akachota barafu ya samaki,
akaifunga ndani ya fulana yake, akaibandika.
Tano ikarudi.
Tukarudia mara tatu.
Mara ya kwanza ilinitosha mimi.
Mbili zilizobaki zilikuwa zake.

Ndani, kwenye kona, lehemu ilikuwa na ufa
mwembamba kuliko unywele,
na pini mbili zimeota ukijani.
Kitu chenyewe ndicho hicho. Ungekipuliza kikapeperuka.

Boksi jingine tulilipata Igoma,
la lori lililopinduka Mabuki.
Nikalifunga. Stata ikazunguka, ikazunguka,
injini kimya.
Ufunguo wetu halikuutambua.
Lilikuwa bado linamngoja yule dereva mwingine.

Sikumwambia Masalu hivyo.
Nilisema, "Kesho."

Usiku kucha nikahamisha kumbukumbu
kutoka boksi bovu kwenda boksi zima,
asilimia moja, asilimia mbili,
naomba umeme usikatike,
wadudu wa ziwani wakijaa kwenye balbu
hadi mwanga ukawa wa kahawia.
Kilometa laki tisa na kumi na mbili elfu zikapita mbele yangu.
Na katikati yake, hesabu:
limezima mara mia mbili na saba.
Kila mara joto la boksi lilitangulia kupanda.
Hakuna hata mara moja tenki lilikuwa tupu.

Alfajiri likawaka.
Nililiacha lingurume nusu saa, na draya juu yake.
Halikutetereka.

Nilitegemea acheke.
Akatoa risiti ya mafuta mfukoni,
akaigeuza upande mweupe,
akailaza juu ya bodi la lori.
"Miezi mitatu nakatwa mshahara.
Niandikie hiyo hesabu. Na mhuri."

Mhuri sina. Nkwimba anao:
PENDEZA SALUNI, NYAKATO, na picha ya kitana.
Tukaugonga huo huo
chini ya mwandiko wangu.
Mara mia mbili na saba. Kosa la boksi.
Masalu Budodi hakuiba.

Akaipuliza wino ukauke.
Boksi bovu akaliweka kwenye kiti cha tandiboi,
akalifunga mkanda,
akaondoka nalo shahidi.