Pete ya Yuani Kumi na Moja

Ghala letu hapa Zhengzhou lilikuwa stoo ya vitunguu saumu,
na siku za joto harufu hupanda sakafuni
hadi meza ya mwenye makampuni arobaini.
Kuta za benki ni mbao. Ukizigeuza, ni hospitali.
Mimi ni mtunza vifaa. Nahesabu:
vidani vinne vya plastiki,
hundi ya milioni mia, imechapwa upande mmoja,
pete ya almasi: kioo, yuani kumi na moja.

Weng Jiebo ndiye tajiri. Suti tumeibana kwa pini mgongoni,
hawezi kugeuka, na watazamaji husema:
ona mwanamume asiye na wasiwasi.
Ke Suying ni mke aliyefukuzwa mvuani
(mvua ni mpira wa bustani, na Shifu Bai juu ya ngazi);
anarudi sehemu ya thelathini, kumbe hisa zote ni zake.
Kila sehemu dakika moja na nusu. Kofi, chozi, kofi.
Siku sita, sehemu themanini, wali wa boksi.

Wasichokijua wanaolipia kutazama
ni kwamba hawa wawili walikuwa na chumba, ghorofa ya tano, hakuna lifti,
na tangu mwaka mpya kitanda kile kina mtu mmoja.
Jiebo usiku hupeleka chakula kwa pikipiki;
goti la kushoto alilivunja kwenye barafu.
Suying, tangu Mei, posho imepanda mara tatu.

Penye udhia penyeza rupia.
Hapa hata udhia tunaukodi kwa siku.

Sehemu ya sitini na mbili. Tajiri apige magoti.
Akapiga. Akasema yaliyoandikwa:
"Nirudie, kila kilicho changu ni chako."
"Turudie," akasema Suying. "Sijaona majuto."
Mwongozaji akatazama saa,
akamtazama mwenye mtaji, aliyekuwa akimtabasamia Suying,
akanyamaza.
Mara ya pili, majuto yalizidi.
Ya tatu, kivuli cha maiki.
Ya nne hakutoa sababu.

Mimi nililijua lile goti.
Yeye alilijua kunishinda; ndiye aliyelikanda
kwa siki na tangawizi, majira yote ya baridi.
Alimtazama kutoka juu
kama mtu anayesoma bei,
anaisoma tena,
haamini kwamba sasa anaimudu.

Mara ya saba Jiebo alishuka kwa kushika kiti.
Hakusema yaliyoandikwa.
"Kodi ya Machi niliilipa mimi. Hukuuliza ni nani."

Taa zikavuma. Shifu Bai akasahau kufunga mvua,
ikatambaa hadi kwenye zulia la tajiri.
Mstari wa Suying ulikuwa: "Umechelewa."
Hakuusema.
Akatoa mkono, tena mkono usio wenyewe,
naye akaivika pete hapohapo, palipokosewa.

"Safi," akasema mwongozaji. "Sauti tutabandika."
Wakabandika. Ukitazama vizuri,
midomo inasema Machi,
sauti ya mtu mwingine inasema milele.

Usiku nikahesabu: vidani vinne.
Hundi moja, imelowa.
Pete, hakuna.
Nilipapasa zulia dakika mbili, nionekane nimetafuta,
kisha nikaandika daftarini: imepotea,
nikatoa mfukoni mwangu yuani kumi na moja.