Sema Unachowaza

Chumba cha majaribio, Oulu. Nje theluji.
Bi Aune Lehtovaara, fundi piano mstaafu,
ameombwa aweke miadi ya daktari wa macho,
na kila analowaza, aliseme.

"Natafuta kalenda. Hiki ni nini,
bahasha? Dirisha?"
Kipanya chatangatanga, mkono gizani
unaopapasa swichi.

Mimi niko nyuma ya kioo, na saa.
Kanuni ni moja: usimsaidie.
Dakika ya tatu. Ya nne.
Kisha hasemi kitu.

"Samahani," anasema, "ni ujinga wangu."

Nikaandika: *kitufe hakionekani.*
Nikakata. Kitufe nilikichora mimi.
Nikaandika tena, kwa kalamu ya wino:
*dakika ya tano, mgeni ameomba radhi
kwa mlango niliouficha mimi.*