Bonyeza Kulia

Newala, mwezi wa saba, ukungu umeingia mpaka kwenye cherehani.
Nimefungua mgongo wa kabati la gemu la Mjomba Nankoma:
mavi ya panya, maganda ya korosho,
risiti ya nyumba ya wageni Masasi (hilo sikuuliza),
na sarafu moja ya ishirini, ile ya tembo,
imekwama kooni mwa mashine tangu tisini na nane.

Kioo kilikufa zamani. Ubao umeliwa na kutu.
Ndani nimepachika kompyuta ya mnada,
iliyokuwa ikihesabu kilo za wakulima ofisini kwa chama cha msingi.
Bado ina kibandiko: MIZANI NA. 2.

Nawasha. Programu haijui lolote.
Ni mgeni aliyeshushwa stendi usiku wa manane,
anauliza kimoja kimoja na kila jibu analiandika.
Michezo iko wapi? Namwonyesha folda.
Ndani ya folda kuna folda. Ingia. Ingia tena.
Faili moja halipo, anasema, na bila hilo hasogei.
Nikalitafuta siku mbili.
Lilikuwepo. Jina lake nililiandika kwa herufi kubwa.
Ujinga wa namna hiyo ndio unaomaliza LUKU.

Siku ya tatu picha ikaja,
imelala ubavu.
Ndege inaruka kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule,
maadui wanadondoka kwa upande, kama mvua ya kichaa.
Mjomba, kitandani chumba cha pili, mlango wazi,
akasema kwa ule mdomo uliopinda:
"Mbona mimi naiona imesimama sawasawa?"

Nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.
Kisha nikapata pale pa kuizungusha, nyuzi tisini,
nikasita kidogo kabla ya kubonyeza.

Sasa fimbo na vitufe.
Juu? Nasukuma juu.
Chini? Chini.
Kushoto? Haya.
Kulia?

Hapo nikaacha, nikaenda kumleta kwenye kiti, mto mgongoni,
maana mashine ni yake, mimi mpwa tu.
Mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu cha kuazima,
hauli, haulii, haubonyezi.

"Kulia," namsomea.
"Nimeshalia," anasema. "Mwezi wa Ramadhani wote, wewe ulikuwa Mtwara."
Akaishika fimbo kwa mkono wa kushoto,
akaipeleka kulia, taratibu, mpaka ikagota.
Mgeni akaandika. Hakuuliza mkono gani.

Ikabaki risasi. Nani afyatue?
Nikavuta cherehani ya kanyagio, ile mbovu,
chini ya chuma chake nikafunga kitufe cha kengele ya mlango,
waya nikaupitisha chini ya mkeka.
Kwa programu, kidole na unyayo ni namba tu:
kumi na saba, nadhani. Au kumi na nane.
Mguu wa kushoto ukakanyaga.
Ndege ikatema moto, na Mjomba akatukana kwa furaha
tusi ambalo mama alinikataza kulijua.

Mwisho: Sarafu?
Nikamwambia siku hizi haihitaji hela,
bonyeza tano tu, unaingia bure.
Akanikazia macho kama niliyependekeza kuvunja duka.
Basi nikashika bisibisi, nikamchokoa tembo kooni,
nikamfuta kwa kanga, nikampa.
Akamtumbukiza mwenyewe.
Kling. Kwenye kioo: 1.

Alikufa baada ya sekunde kumi na moja.
"Umeipunguza mwendo," akalalamika.
"Sijaigusa, Mjomba."
"Basi umeiongeza."

Hifadhi mpangilio? programu inauliza.
Uniti zimebaki nne.
Mjomba ameshanyoosha kiganja, kile kizima.
"Mtoe tembo," anasema. "Mlete."