Sekunde Tatu

Fundi alitoka Mwanjelwa na begi moja,
viatu vimekula tope la Katumba,
akauliza simu ya ushirika iko wapi.
Nikamwonyesha: kitochi, mgongo umefungwa raba,
chaji yake hukaa kwa huruma.
Wafugaji mia tatu, simu hiyo moja.
Anayeipata ana bahati, au ana hasira.

"Mtambo wenyewe," akasema, "hauko hapa."
Nikalitazama begi. "Uko wapi?"
Akanyoosha kidole juu, kwenye mabati, kwenye mvua.
Seva ya kukodi, huko kwa watu,
ushirika utailipia kila mwezi
kama mtu aliyepanga chumba asichokilala.

Hapa chini zikabaki simu zetu za mkononi.
Akapakua programu. Mtandao ukasuasua
wingu liliposhuka Rungwe, ukarudi lilipopanda.
Jina la mtumiaji. Nenosiri, herufi kumi na mbili
ambazo mzee Mwakibete aliziandika kiganjani
kisha akaenda kukamua.
Tukaanza upya.
Nukta nyekundu, nukta nyekundu,
halafu kijani, ndogo kama jicho la chura.
Mimi nikawa sifuri. Mapokezi ya maziwa, moja.
Ambakisye, daktari wa ng'ombe, mbili, popote alipo.
Malipo, tatu, na hiyo tatu haijapumzika tangu siku ile.

Ikatakiwa sauti ya kupokea wapigaji.
"Yako," fundi akasema, hajanitazama.
Nikajifungia stoo, kati ya madumu,
nikaisoma karatasi kama mtoto wa darasa la tatu:
Karibu Ushirika wa Maziwa. Kwa mapokezi, bonyeza moja.
Mvua ikaingia kwenye rekodi bila kualikwa.
Tukaiacha.

Wiki ya pili, saa nane usiku, simu ikalia chini ya mto.
Fundi alishaniambia: asiyebonyeza kitu ataletwa kwako.
Nikasikia pumzi, nikasikia kwato kwenye mbao,
halafu bibi Anyelwisye wa Masoko, amefura:
"Subilaga! Nimekusalimia mara tatu.
Nasema ugonile, wewe unaniambia bonyeza.
Nani kakufundisha hivyo? Mama yako namjua."
Na katikati ya kunisuta, kwa sauti nyingine:
"Ndama anakuja na miguu ya nyuma."

Nikamuunganisha na mbili, nami nikabaki kwenye laini,
jambo ambalo fundi alinikataza.
Ambakisye alikuwa msibani Vwawa,
nyuma yake watu wakiimba, wakikohoa.
Sauti yake ilichelewa kidogo kila mara,
kama mtu anayevuka mto akijaribu mawe.
Vuta anaposukuma.
Acha anapopumzika.
Bibi akajibu swali la kwanza
wakati la pili limeshaulizwa.
Vuta.
Kisha kimya. Bando la nani lilikwisha, sijui.
Nikabaki na giza, na ile nukta ya kijani.

Asubuhi kwenye foleni ya madumu
mjukuu wake alikuja mikono mitupu,
matope hadi magotini, anacheka na meno yake mapya.
"Bibi anasema leo hakuna maziwa.
Yamepata mwenyewe."
Nikaandika daftarini: Anyelwisye, lita sifuri.
Sijawahi kuandika sifuri kwa mwandiko mzuri namna ile.

Nikampigia fundi. Nataka kurekodi tena, nikasema.
Neno la kwanza liwe Ugonile.
Halafu nisiseme kitu. Sekunde tatu.
"Watadhani imekatika," akasema. "Watakata."
"Wa kukata wakate."
Akaguna, akanitumia maelekezo.
Mara hii nikangoja siku ya mvua kwa makusudi.

Kuna jioni, ofisi imeshafungwa,
napiga namba yetu mwenyewe.
Najisikia nikijisalimia. Halafu ile nafasi tupu,
bati la stoo linavyodunda ndani yake,
na kabla sijaambiwa nibonyeze
nakuta mdomo wangu umeshajibu:
ndaga.