Nusu Mkate

Mvua imewafungia ndani ya baa, Mieres.
Xuacu anamimina mvinyo wa tofaa,
chupa juu ya kichwa, bilauri kiunoni,
nusu inaishia sakafuni.

"Haendi," asema Celso. "Juzi kanunua mashine ya kufulia.
Kocha wa kuhama hanunui mashine ya kufulia."
"Madrid watamnunulia kumi!"
"Na sisi tuliompokea hana jina?
Siku ile tumefungwa tano kwa nunge,
nani alimpigia makofi?"
"Makofi hayalipi kodi, Celso."

Meza inapigwa ngumi.
Kila mlevi amekuwa wakala wake.

Olvido, muuza mikate, anafuta povu mdomoni.
"Jana kaomba nusu mkate.
Miaka yote mitatu alikuwa akichukua mzima."

Kimya.

"Mkate mkubwa," auliza Celso, "au ule mdogo?"